Mkono Ndani ya Gunia

Bariadi,
17 Mei

Baba yangu mpendwa,

"Mtoto aliyekua na simu mkononi hana haja ya kufundishwa na mkutubi namna ya kutafuta maarifa."

Nisamehe kuyatanguliza maneno haya kabla ya salamu. Ni ya Bwana Theonest, mkuu wa taaluma hapa chuoni. Aliyasema kikaoni huku akinitazama, na tangu siku hiyo yananiwasha kama upupu. Si kweli. Anayejua kuendesha baiskeli hajui kwa hilo tu njia ya kwenda Dutwa. Nilimjibu hivyo hivyo, wajumbe wakacheka, naye akacheka, kisha akaniuliza kwa upole nina ushahidi gani kwamba wanafunzi wangu wanajifunza kitu. Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Lakini salamu kwanza.

Mwangaluka, Baba. Umeamkaje? Magoti yanasemaje asubuhi hizi za baridi? Ndugu yetu Elia alipopita hapa kwenda mnadani aliniambia ukungu wa macho umezidi, na kwamba hutaki kusikia habari za hospitali mpaka pamba iishe kuvunwa. Baba, pamba haivunwi kwa macho yako. Nakuja kukuchukua mwezi wa saba, tutabishana njiani. Nyanjige naye namsalimu, maana najua ndiye aliyeishika karatasi hii, amekaa upande wa sikio lako la kulia. Mdogo wangu, soma polepole, na akikwambia urudie, rudia. Mimi ni mzima. Ukali wangu nao ni mzima.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe huuliza mvua, kisha unampa mwingine. Barua utaisikiliza mpaka mwisho.

Huwa unawaambia majirani kwamba mimi nalinda vitabu visiibwe. Hiyo ni robo ya kazi. Kila mwaka wanafunzi wapya hupewa kwangu wiki sita za masomo ya maktaba. Nawafundisha kutafuta kitabu na makala, kutofautisha maandishi ya mtu aliyechunguza na ya mtu anayeuza dawa, na kusema wazi maneno waliyoyatumia wameyatoa wapi. Bwana Theonest anataka vipindi hivyo vifutwe, saa zake zipewe kompyuta. Nilimwandikia kurasa tatu za kumpinga, na nakala nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Wanafunzi wananiita Mama Pilipili. Wanadhani sijui.

Ushahidi nilikuwa nao, au nilidhani ninao. Mwisho wa wiki sita huwapa mtihani wa maswali ishirini ya kuchagua jibu. Miaka mitatu mfululizo wastani wao ulikuwa asilimia tisini na kitu. Mwaka jana tisini na nne. Niliiweka ripoti mezani kwa Bwana Theonest kama mtu anayeweka jiwe juu ya turubai upepo usilichukue. Nikatoka kifua mbele.

Mwezi wa pili akaja dirishani kwangu msichana mmoja, Shukrani, wa mwaka wa kwanza, mpole, mtoto wa wauza dagaa wa Lamadi. Alipata kumi na tisa kati ya ishirini. Alikuwa anaandika kuhusu funza wa vitumba vya pamba, akaniomba kitabu fulani, akataja jina lake, mwandishi na mwaka. Nikatafuta, hakipo. Kesho yake akarudi na kuniomba tena, kwa adabu, kama mtu anayeona aibu kuniambia kwamba nimekipoteza. Siku ya tatu nikamuuliza alikiona wapi. Akanionyesha simu. Aliiuliza ile akili mnemba, nayo ikamtungia kitabu kizima ambacho hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote, mwandishi na mwaka vikiwa juu yake.

Nikamwambia, kwa ukali wangu, kwamba swali la saba la mtihani lilihusu jambo hilo hilo, kuhakiki chanzo kabla ya kukiamini, na yeye alilipata. Akainamisha kichwa. Akasema alilipata kwa sababu niliwasomea swali lile na jibu lake Jumatatu, na mtihani ulikuwa Jumatano. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba wote wanajua. Wa mwaka wa pili huwaambia wa mwaka wa kwanza wasikose kipindi cha Jumatatu cha Mama Pilipili.

Ni kweli, Baba. Nilikiita marudio. Miaka mitatu niliwasomea mtihani siku mbili kabla, nikajiambia nawasaidia, na alama zilipopanda nikazipeleka kikaoni kama silaha. Sikuwa napima walichojifunza. Nilikuwa napima kumbukumbu ya siku mbili.

Siku ile nilifunga dirisha mapema, nikakukumbuka wewe kwenye ghala la chama cha ushirika pale Lalago, ukikagua pamba msimu wa kununua. Wakulima walipanga magunia, juu wameweka pamba nyeupe kama maziwa. Wewe hukuitazama. Ulikunja shati, ukaingiza mkono mpaka kwapani, ukapapasa kama daktari, kisha ukasema hii safi, hii fifi ya daraja la pili. Wengine walikukasirikia. Ukawajibu kwamba juu ya gunia kila mtu ni mkulima hodari.

Basi nikakunja shati. Nilichukua wanafunzi arobaini kwa kura, mmoja mmoja, nikampa kila mmoja swali la kweli la kwao nyumbani, nikakaa pembeni yake nusu saa nimefunga mdomo. Hilo la kufunga mdomo utalicheka, na Nyanjige najua ameshacheka. Nilitazama wanachofanya. Wengi waliandika neno moja, wakachukua kilichotokea juu, wakaniambia wamemaliza. Yuko mmoja, Mhoja, mtoto wa wafugaji wa huko huko kwetu Maswa, ambaye kwenye mtihani wangu alipata kumi na moja tu kwa sababu Jumatatu ile alikuwa kwao msibani. Nilimpa swali la ugonjwa wa ndigana kwa ndama. Alitafuta, akafuta, akabadilisha maneno, akauliza makala hii ameiandika nani na lini, akaikataa moja kwa sababu mwandishi wake ndiye muuza dawa. Akaniambia baba yake hanunui ng'ombe bila kumuulizia zizi alikotoka, na makala ni hivyo hivyo. Nilitamani kumkumbatia, nikaandika alama.

Kati ya arobaini, walioweza ni kumi na mmoja.

Kikao ni Alhamisi hii. Nimeandika ripoti mpya, nikasema ndani yake kwamba zile za miaka mitatu zisihesabiwe, na sababu nimeitaja bila kuipamba. Violeth, msaidizi wangu, aliisoma akaniambia nimempa Bwana Theonest panga na mpini wake. Inawezekana. Anaweza kuvifuta vipindi vyangu kwa idadi hiyo hiyo, na jina langu likaenda navyo. Mimi nitasimama niseme kinyume: kama ni kumi na mmoja tu, basi simu haijawafundisha hao ishirini na tisa, na wiki sita ni chache, na mimi nilifundisha vibaya, na yote hayo yanarekebishika kwa kufundisha, si kwa kufuta. Nitapigana. Unanijua.

Lakini siwezi kuingia kwenye kikao kile kumwaga mchanga wa Bariadi ilhali mchanga wa Lalago bado uko kwenye gunia.

Unakumbuka, Baba, mwaka ule nikiwa darasa la sita, ulipotupa mimi na Nyanjige kila mtu gunia lake dogo, ukasema itajulikana ni nani mvunaji. Nyanjige alikuwa na miaka tisa na alinishinda kila siku kwa mikono yake ile myepesi. Mimi nikatia mchanga katikati ya gunia langu. Kwenye foleni, nilipoona mkono wako unaingia mpaka kwapani kwa kila mtu, nikashikwa na hofu. Gunia langu lilifungwa kwa kitambaa chekundu, la Nyanjige kwa cha bluu. Nikavibadilisha alipokwenda kunywa maji.

Ukautoa mkono wako una mchanga mbele ya watu wote. Ukalikataa gunia la mwanao mwenyewe, ukamtwika Nyanjige alirudishe nyumbani kichwani, na toka siku hiyo hukumruhusu tena kufunga gunia. Mpaka leo unapouliza nani amefunga, huwa unataka kusikia jina la Elia. Kilichoingia ghalani kwa kitambaa chekundu, ukakiita pamba safi na kunishika kichwa, kilikuwa chake.

Yeye alijua. Aliporudi kutoka kunywa maji alitazama kitambaa, akanitazama mimi, akanyamaza. Amenyamaza karibu miaka arobaini. Anakupikia, anakuosha miguu, anakusomea barua za binti yako msomi.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Mungu akutunze mpaka mwezi wa saba. Na wewe, Nyanjige, mdogo wangu, ambaye sasa umefika hapa kwa macho lakini sauti yako imesimama: nakujua, unataka kuruka aya tatu zilizopita ili unisitiri tena. Usiruke. Rudi juu, pale nilipotaja gunia, umsomee Baba kila neno kwa sauti. Ukimaliza, mpe mkono wako aushike.

Mwanao,
Kornelia Mabula