Uso Unaopewa Pole

Alhamisi, baada ya magharibi. Joto la leo si la kusemea. Nimeshuka garini miwani ikaingia ukungu kabla sijafika mlangoni, na sasa nimekaa sebuleni na baibui langu vilevile, kompyuta mapajani, nawaandikia ninyi wasomaji wangu. Nyumba kimya. Binti yangu Salha kalala, au anajifanya kalala.

Hii ni wiki ya sita tangu nitoke eda. Mume wangu Nassor alifariki, na mimi, kama mjane yeyote wa kwetu, nikakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hakuna wanja, hakuna udi, hakuna nguo ya kung'aa. Shangazi zangu waliokuja kunikalisha walikigeuza kioo cha chumbani kikatazama ukuta. Hiyo si sheria, ni ada yao tu waliyokuja nayo kutoka Unguja walipohamia huku kwa Waarabu, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana nao. Siku ya kutoka nikaoga, nikakigeuza mwenyewe.

Sikujijua.

Mashavu yameshuka, taya halina mstari, na shingo imelegea kama soksi iliyokwisha mpira. Kati ya nyusi pana mikunjo miwili imesimama wima. Hiyo najua ilikotoka: miaka miwili ya kukaa kwenye viti vya hospitali nikisoma karatasi za vipimo vya mume wangu. Mimi nina miaka hamsini na tatu. Yule wa kwenye kioo alikuwa ameshaipita sitini.

Hata hivyo ningemzoea. Kioo unaweza kukikwepa. Lililonishinda ni pole.

Nikiingia kazini, pole Rahma. Kwenye lifti, pole. Wiki iliyopita nilikwenda soko la Sidab kununua samaki, na muuzaji ambaye hanijui jina wala msiba akaacha kupima jodari akaniuliza kwa Kiarabu kama naumwa. Halafu nikaalikwa harusi, mji wa Qurayyat. Nilivaa, nikapaka hina, nikatia hereni zangu za kubembea, nikakaa meza ya wasichana waliokuwa wakicheka mpaka machozi. Waliponiona wakanyamaza, wote, kwa adabu. Mmoja akanisogezea maji. Nilitamani kurudi nyumbani pale pale.

Nataka niingie mahali watu waendelee kucheka. Ndicho ninachokitaka, na nimeona aibu kukiandika mpaka leo.

Basi nikaanza kuzunguka kwa madaktari, kwa siri. Wa kwanza alikuwa binti mdogo mwenye ngozi kama yai lililomenywa. Akanipangia sindano ya botoksi ya kunyoosha nyusi, fila ya kujaza mashavu, na nyuzi za kuvutia taya. Nusu saa tu, alisema, unaendesha gari mwenyewe kurudi nyumbani, uvimbe siku mbili tatu, na baada ya miezi kadhaa unarudia. Nikamuuliza, na shingo? Akasema tutaona. Mimi mtu akiniambia tutaona huwa nachukua mkoba wangu.

Wa pili ni mpasuaji, mzee, hana maneno ya kupamba. Aliniambia sindano itanyoosha mikunjo ya nyusi na itajaza mashavu kidogo, lakini ngozi inayoning'inia haiondoki kwa kujazwa. Ukijaza mpaka ikaze unatoka umevimba kama aliyeumwa na nyuki. Ya kwake ni kukata. Unalazwa usingizi saa kadhaa, anapasua mbele na nyuma ya sikio na chini ya kidevu, anavuta, anashona. Hatari zake alinitajia bila kuulizwa: damu kuganda ndani, ganzi, hata mdomo kwenda upande kwa miezi. Na wiki mbili za kukaa ndani, uso mweusi na wa zambarau. Kwa kuwa nimepungua kilo kumi na moja, anataka uzito utulie kwanza, na akanitoa damu ajue kama kupungua kule hakuna sababu nyingine. Akamaliza kwa kunichangamsha: kovu lote litajificha ndani ya ushungi.

Nikacheka peke yangu garini. Shingo ninayotaka kuikata haijaonwa na mwanamume wa nje, ukimtoa daktari huyu, tangu nivunje ungo.

Suala la halali na haramu nililipeleka kwa anayejua, na jibu lake nimelipokea. Halitaandikwa humu, kwa hiyo msiniandikie.

Kilichonikaba ni zile wiki mbili. Nimetoka ndani juzi, nirudi tena ndani? Na kwetu hakuna kuugua kwa siri. Ikisikika tu kwamba Rahma haonekani, kabla ya alasiri shangazi wameshafika na birika la kahawa na sahani ya vitumbua, na kumwambia shangazi asije ni kumtukana. Nikapanga kusema nimesafiri. Nikapanga hata nchi nitakayoitaja.

Halafu nikaharibu mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kule kwa mpasuaji nilipewa fomu. Palikuwa na mahali pa kuandika mtu wa karibu na namba yake. Nikaandika Nassor na namba ya Nassor. Miaka thelathini mkono wangu umeandika jina hilo kwenye kila karatasi, haukuniuliza. Wala sikugundua. Nikatia sahihi nikaondoka.

Leo asubuhi nilikuwa kikaoni, simu nimeinyamazisha. Nancy, muuguzi wa kule, ni Mkenya, na tangu ajue kwamba nazungumza Kiswahili ananiita mama na kunihadithia kwaya ya kanisani kwao. Akanipigia kuhusu majibu ya damu. Aliponikosa, akapiga ile namba ya pili.

Mimi nilidhani namba ile imekufa na mwenyewe. Kumbe Salha anayo simu ya baba yake kwenye droo yake, anaichaji, laini haijakatwa. Akapokea. Nancy kusikia Kiswahili akajiona yuko kwao. "Eh, si ni poa, tunaelewana! Mwambie mama damu yake iko sawa. Daktari anasema ile operesheni ya uso inawezekana, uzito ukitulia."

Nilipofika nyumbani Salha alikuwa mezani jikoni, simu ya Nassor mbele yake.

"Mama, kuna mwanamke kampigia baba. Kasema wenda kukatwa uso."

Badala ya kujibu nikauliza, "Na wewe hiyo simu umeiwasha tangu lini?"

"Sijapata kuizima."

Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirisha moja. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Akasema sindano haina neno, hata yeye keshachoma ya kujaza mdomo. Nilikuwa sijui, nikajifanya najua. Lakini kukata? Eda haijapoa, watu watasema nini? Mwisho akalitoa lililokuwa kooni.

"Wataka kuolewa, mama?"

"Sitaki kuolewa. Nnataka watu waache kunipa pole."

Nilidhani hapo tumemaliza. Ndipo akaanza kulia, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, kamasi zinamtoka. "Uso huo ndio uliomuuguza baba. Ukiubadilisha, siku ya kukutana akhera atakujuaje?"

Nimejiuliza jambo hilo mara nyingi kuliko yeye. Nimejiona msaliti, kama ninayetaka kuifuta ile miaka miwili. Lakini kuna jambo nililijua peke yangu, na leo nikamwambia.

Sukari ilimla Nassor macho kabla ya kumla figo. Salha alijua kwamba baba yake haoni vizuri. Hakujua kwamba haoni kabisa, kwa sababu Nassor mwenyewe alinikataza kumwambia. Alikuwa akisikia hatua za binti yake mlangoni anageuza uso upande huo na kutabasamu. Alipofuka ilikuwa mwanzo mwanzo wa maradhi, mimi bado nina mashavu yangu. Kila muuguzi mgeni akiingia, Nassor alimwambia, "Huyu mke wangu. Mnamwona alivyo mzuri?" Wauguzi wakinitazama, nywele timtim, macho mekundu, wakisema ndiyo baba, tunamwona.

"Uso huu baba yako hakuuona hata siku moja," nikamwambia Salha. "Anaoujua yeye ni ule mwingine."

Akachukua simu ya baba yake, akaingia chumbani.

Nimeamua. Nitakata, msimu wa baridi, uzito ukishatulia, na mikunjo ya nyusi nitaitia sindano. Sitasema nimesafiri. Mlango utakuwa wazi. Atakayenikuta nimevimba atanipa pole, na hiyo nitaipokea kwa kuwa nimeitafuta mwenyewe. Kesho Ijumaa, wakati wa chai, nitamuuliza Salha kama atakaa nami zile wiki mbili. Namuomba Mungu akubali. Akikataa nitalia, kisha nitakata vilevile.