Tezi Imerudi, Mtoto Naye Yuko Njiani

Soko la Kasulu,
Kigoma.
9 Agosti, 2014

Mpendwa mdogo wangu Saady,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Tanga, na goti la mama limepungua maumivu. Sisi tunakula na kulala, alhamdulillah. Baridi ya huku unaikumbuka, watu wanatembea na makoti mpaka saa nne asubuhi.

Mwaka jana mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitoka jasho dukani katika baridi hiyo hiyo. Ni zile sindano za saratani ya tezi dume, ulizonicheka nilipokwambia naziogopa. Zinazuia homoni ya kiume, na tezi ikiikosa inanywea. Yangu ilinywea kweli. Mkojo ukafunguka, vipimo vikashuka, daktari akasema nipumzike sindano huku akiniangalia.

Nikapumzika. Baada ya miezi kadhaa jasho likakoma na mambo ya chumbani yakarejea, wewe ni mtu mzima unaelewa. Shemeji yako Zaitun akaanza kuimba jikoni. Tangu tumzae Swaumu, ambaye sasa yuko darasa la saba, hatukujaliwa mwingine.

Wiki iliyopita Zaitun alipimwa, akakutwa na mimba. Siku mbili baadaye mkojo wangu ukaziba, nikawekewa mpira wa kuutolea. Daktari anasema tezi imeota upya. Kumbe ilipokosa homoni haikufa yote. Zilibaki chembe zimejikunyata, na homoni iliporudi zikaanza kuzaana, nzuri na mbaya. Nikamuuliza kama ni sawa na mgomba, unaukata na shina linachipua. Akasema ndivyo. Basi kilichonipa mtoto ndicho kilichonirudishia ugonjwa.

Safari hii wataondoa korodani zote mbili, maana ndiko homoni inakotoka, Jumatano, huko Mwanza. Nimekubali.

Jana Zaitun aliniuliza, "Baba Swaumu, mbona umekaa tu? Huyu mtoto humtaki?" Nikamjibu namtaka. Ni kweli namtaka, Saady, lakini nalijua hilo kama ninavyojua bei ya kitenge. Sihisi furaha, wala kisu sikiogopi. Majirani wanakuja kunipa pole, nami nawapimia kitambaa. Wakati wa sindano nilikuwa hivi hivi, moyo umekufa ganzi, na tangu siku ya mpira nimerudi huko, ingawa sindano sijachomwa tena. Baada ya upasuaji homoni haitarudi tena. Sijui kama mimi nitarudi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Zaitun atajifungua mwezi wa tatu, inshallah. Uje. Najua kumwadhinia mtoto sikioni ni kazi ya baba, nami nikiwa hai nitasimama hapo hapo. Lakini adhana uitoe wewe. Sauti yangu siku hizi haina kitu ndani, na sitaki iwe ya kwanza mwanangu kuisikia.

Nisalimie mkeo Kuruthumu na kijana wako Dadi. Mama mpe habari ya mtoto tu, hiyo nyingine iache kwanza. Mungu awalinde nyote, na nyumba yenu isipungukiwe na kheri.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Khatibu