Watoto Watatu wa Mama

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika kisha nikaweka kalamu chini, maana tangu macho yako yaingie ukungu ulikuwa huitikii mpaka uijue sauti ni ya nani. Ni mimi, Namkunda. Nimerudi Mombasa juzi kwa treni. Viatu vyangu bado vina udongo wa kwetu Mhezi na sijavisafisha.

Nianze na habari za nyumbani, ndizo ungeziuliza kwanza. Maharage yamevunwa. Kuku wako mweusi amehamia kwa Kiangi bila kuhamishwa na mtu. Zamu yako ya maji ya bwawa la ndiva wameiacha vilevile, Alhamisi asubuhi, na Kiangi ndiye anayekwenda bwawani kulifungulia shamba lako.

Kiangi ndiye sababu ya barua hii.

Mama yake alikufa akimzaa, mwezi uleule nilipozaliwa mimi, nawe ukamchukua. Ziwa la kulia langu, la kushoto lake. Tulipokua ulikuwa ukitutania kwamba la kushoto lilikuwa na maziwa mengi ndiyo maana mwenzangu alinipita urefu. Baba alipofariki, Kiangi alijenga mteremkoni, chini ya nyumba yako, mahali ambapo ukikohoa anasikia. Mgeni akikuuliza una watoto wangapi, ulikuwa ukijibu watatu. Namkunda yuko Mombasa, Kiangi huyu hapa, na wa tatu ni mtoto wa jicho, huyo ndiye asiyetoka nyumbani. Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, ingawa ni muuguzi na nilijua kinachokuja.

Hospitalini kwetu alikuwepo daktari wa kumtoa huyo wa tatu. Nilitaka uje utibiwe, kisha ukae nami uzeeni. Lakini Mombasa ni Kenya, na ingawa bendera ni ileile ya Mwingereza, kukuweka kwenye nyumba za wauguzi kulitaka kibali cha kumleta mzazi anayekutegemea. Nikaenda ofisini. Karani akauliza kama wewe ni mjane, nikasema ndiyo. Akauliza kama una mtoto mwingine wa kukutunza. Nikaanza kumweleza habari za Kiangi, yeye akainua kalamu.

"Dada, akiwa na mwingine hapati. Niandike ndiyo au hapana?"

Nikasema hapana. Haikuchukua hata dakika.

Fomu ilitaka pia shahidi wa kwenu anayekufahamu, atie sahihi mbele ya karani kule Same. Ningempelekea nani zaidi ya Kiangi? Nikamwandikia kwamba hii ni karatasi tu, mambo ya serikali, asiyatie moyoni. Tulijifunza kusoma benchi moja, Mama. Alisoma kila neno.

Yaliyotokea Same hukuniambia. Mkewe Kiangi ndiye aliyenieleza, nilipokuja msibani kwako. Alisema mlishuka kwa miguu mpaka barabarani, mkapata lori. Karani akasoma kwa sauti ili uweke dole gumba. Akasoma kwamba huna mtoto mwingine. Akaendelea: shahidi, Kiangi, uhusiano, jirani. Hapo ukageuza uso upande aliokuwa amekaa Kiangi.

"Jirani? Nani jirani?"

Karani alidhani husikii vizuri, akarudia kwa nguvu zaidi. Kiangi akasema, "Mama, weka dole. Dada anakungoja." Amekwisha kujiandikisha jirani, na bado anakuita mama mbele ya karani! Yule karani alijifanya hakusikia, Mungu ambariki. Ukaweka dole. Mkapanda mlima mpaka nyumbani.

Kibali kikatoka, nikakutumia. Nikatandika kitanda, nikanunua doti ya kanga, nikaongea na daktari. Ikaja barua kwa mwandiko wa mwalimu wa kijijini na maneno yako.

"Nimesikia nina mtoto mmoja. Ukimkumbuka na yule mwingine, niandikie, nitakuja."

Nilikasirika. Sitakuficha sasa. Nilisema huyu mama ni mkaidi, mimi nahangaika na macho yake, yeye anashika neno. Na niliogopa. Kurudi ofisini kusema nilidanganya kungeniponza, kibali kipotee na pengine kazi pia. Nikaona ninyamaze mpaka hasira zako zipoe. Kumbe wewe hukunituma ofisini. Ulitaka nikuandikie wewe. Mstari mmoja tu, Kiangi ni mwanao, nisamehe. Ningeweza kuuandika siku yoyote baada ya kazi, na stempu nilikuwa nazo. Miezi saba, Mama. Miezi saba nilikuwa na kalamu mfukoni nikiandika joto la wagonjwa.

Mvua za masika zikaja. Alhamisi ile Kiangi alikuwa Hedaru sokoni, nawe hukutaka zamu yako ipite, ukashika njia ya ndiva peke yako. Si peke yako. Mtoto wako wa tatu ndiye uliyekuwa naye. Hukuona mahali ukingo wa bwawa ulipomomonyoka. Kiangi alikukuta tope limekufika kifuani, nyonga imevunjika, akakubeba mgongoni mpaka kitandani. Yeye na mkewe walikulisha na kukugeuza, kazi ninayolipwa kuwafanyia watu nisiowajua. Simu ya maandishi ilinifikia umeshafariki.

Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu watie udongo, nilitoka peke yangu. Kiangi alikuwa amesimama na majirani, kofia mkononi. Nikamtazama, akatazama chini. Nilidhani ananipisha nitangulie. Kisha nikaelewa kwamba anatimiza neno langu, asije akaniharibia karatasi yangu mbele za watu. Nikaenda mpaka alipo nikamshika mkono.

"Kaka, twende tumzike mama."

Alilia kwa sauti, yeye ambaye hatujawahi kumsikia akilia. Tulichota udongo pamoja.

Kibali chako nilikikuta darini juu ya meko, kimefungwa pamoja na mbegu za mahindi, kimekuwa cheusi kwa moshi. Nilidhani ulikichoma. Mbegu ulikuwa ukiziweka pale zingoje mvua, kwa hiyo nimejua kwamba ulikuwa unaningoja.

Jana nilikirudisha ofisini. Karani ni yuleyule. Kulikuwa na fomu ya kufunga faili lako, na ndani yake swali la watoto uliowaacha. Nikasema wawili. Akafunua karatasi za nyuma.

"Hapa ulisema mmoja."

"Nilidanganya. Andika Kiangi, kisha Namkunda."

Akasema itabidi faili lipelekwe kwa mkubwa wake. Nikamwambia alipeleke. Sijui watanifanya nini, na nikisema siogopi nitakuwa nimedanganya tena. Lakini aliandika. Nilisimama hapo mpaka wino ukakauka.

Likizo yangu ijayo naja nyumbani. Nitakwenda na Kiangi bwawani Alhamisi, yeye afungue maji, mimi nisimame shambani nimwambie yakifika, kama ulivyotuamuru tukiwa wadogo. Ule ukingo ameanza kuujenga kwa mawe. Nakuahidi kwamba hakuna atakayeniuliza habari za ndugu zangu, awe karani au awe nani, nikamficha tena kaka yangu.

Pumzika, Mama. Kwenye ile fomu nimeandikisha wawili tu. Wa tatu umeondoka naye.

Mwanao wa ziwa la kulia,
Namkunda