Gauni Chini ya Rangi

12 Machi

Mdogo wangu,
Salamu nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, na Baba anakula kwa kubembelezwa kama bwana harusi. Ulisema picha zako unazitengeneza kwa vitu vilivyotupwa, basi nakutumia furushi kutoka chumbani kwa marehemu Mama: vifungo, kalenda kuukuu, bati la dirishani, na lile gauni lake la kijani. Bora uvitumie kuliko nivichome.
Dada yako

30 Aprili

Dada,
Shikamoo. Furushi lilifika. Nililitandaza gauni juu ya ubao, nikabandika kurasa za kalenda, nikapaka rangi, nikagongomea bati, nikapaka tena. Ukisogea karibu unauona mshono wa Mama ukichungulia. Mwenye ukumbi wa maonyesho ameitundika picha kwenye ukuta wa mbele. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii.
Mdogo wako

19 Mei

Marahaba, mdogo wangu. U hali gani? Huku si shwari. Baba kumbukumbu zinamtoka. Kila jioni anafungua kabati: "Gauni la mama yenu liko wapi?" Nikimwambia Mama alishafariki, anafiwa upya. Kumbe usiku alikuwa akililalia, nami sikujua. Tafadhali lirudishe.
Dada yako

2 Juni

Dada,
Shikamoo. Poleni. Nimejaribu kulibandua pembeni, likaanza kuchanika, halitoki zima. Nimeishusha picha ukutani, mwenye ukumbi amenuna. Inakuja na lori la mizigo. Mwekee Baba karibu na kitanda, labda itamtosha.
Mdogo wako

27 Juni

Mdogo wangu,
Sisi tunasukuma siku. Picha ilifika salama. Baba aliitazama sana, akainusa, kisha akaanza kuikwangua kwa kucha. Shuka limejaa rangi yako. Nikamwambia, "Baba, unaharibu kazi ya mwanao." Akanijibu, "Mama yenu yumo humu, anakosa hewa." Vidole vinamtoka damu. Nimzuie?
Dada yako

5 Julai

Dada,
Shikamoo. Usimzuie. Kwanza ling'oe bati kwa koleo, lina ncha kali. Kisha chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, ukandekande gundi ilainike. Mwanzishie kona ya chini kushoto. Gauni nililitandaza kichwa chini, ndipo ilipo kola, na rangi pale ni nyepesi. Likichanika, lichanike mikononi mwake.
Nakuja. Lakini msinisubiri.
Mdogo wako