Wimbo wa Mwenye Pamba Nyeupe

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Nyamuswa tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kwa nini wafanyakazi wako wanajituma lakini lengo la kampuni halifikiwi. Wakati wa Ujamaa, kijiji chetu kilitaka pamba safi, ila shambani tulikuwaga tunamwimba aliyejaza gunia kwanza. Basi watu wakachuma harakaharaka, pamba pamoja na majani makavu, na kwenye kituo cha kuuzia ikakataliwa. Mwenyekiti wa kijiji hakufoka. Alisema tu, “Kuanzia kesho, mwimbeni mwenye pamba nyeupe.”

Kesho yake wimbo ulinitaja mimi, niliyekuwaga wa mwisho kila siku.

Hebu niambie, huko ofisini kwenu mnamwimba nani?

Bibi yako anayekuombea,
Nyamisi