Bafu la Saba, Muaither

Jumapili, 4 Mei
Muaither tena, huku ugenini, nyumba ya wafanyakazi. Vyumba kumi na viwili, bafu sita, hita sita za maji. Mwisho wa mwezi wanahamia walinzi wanawake ishirini na wanne, Wakenya na Waganda, akiwemo Akinyi wa kanisani kwetu. Kwenye bodi ya umeme kuna breka moja tu ya kukata umeme unaovuja, nyumba nzima, ya miliampia mia. Hiyo inazuia moto. Haimwokoi mtu aliyelowa. Toleo jipya la kanuni linataka ya miliampia thelathini, inayokata kabla mtu hajauawa, kila bafu na yake. Nimeagiza sita.

Jumatatu, 5 Mei
Mhandisi Farouk amefuta oda. Ombi la kibali cha ujenzi liliingia siku tisa kabla toleo jipya halijaanza kutumika, kwa hiyo tunafuata la zamani. Siku tisa! Nikamwambia umeme hausomi tarehe. Akacheka mbele ya mafundi wote: "Ya Omondi, wewe ni fundi au mbunge?" Nilianza kwa kuvuta waya darini, kanuni nimejisomea mwenyewe. Nazijua kumliko.

Jumatano, 7 Mei
Nimeomba ruhusa, nikaenda ofisi ya umeme. Karani muungwana, akanifungulia ukurasa. Farouk yuko sawa. Kanuni mpya haikigusi kibali cha zamani; la sivyo kila toleo likitoka, mji mzima ungevunjwa kuta. Hoja nzito. Ndiyo maana nimetoka na hasira zaidi.

Jumapili, 11 Mei
Sasa Farouk anataka bafu la saba, pale penye stoo. Hilo ni nyongeza, halimo kwenye kibali. Linafuata toleo jipya. Nimemwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Mchana breka ya thelathini ikaletwa. Moja. Nyumba ile ile, wanawake wale wale, maji yale yale. Ukuta mmoja tu katikati.

Alhamisi, 22 Mei
Mkaguzi kapita. Kapima, kila kitu kimekubali. Nimetia sahihi: inakidhi kanuni. Si uongo. Aibu niliyoona ni ya mwongo.

Jumamosi, 24 Mei
Wamehamia. Wakati wa kukabidhi funguo nimemweleza Akinyi yote. Akaniuliza: "Kwa hiyo kaka, sisi wote ishirini na wanne tupange foleni ya hilo moja?" Dakika sita kila mmoja ni saa mbili na dakika ishirini na nne. Basi la kazini haliwangoji.

Tukapita bafu sita, nikazima hita zote. Juu ya kila swichi nimeandika USIWASHE kwa kalamu nene. Akinyi akafungua bomba, akatia mkono. Maji moto. Tangi liko juani paani, halihitaji hita wala kibali.

Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba: jua litatosha. Novemba maji yatapoa.

Nimerudi kwangu Al Mansoura. Jengo letu ni la zamani kuliko matoleo yote mawili. Nimezima na hita yangu.