Alibonyeza, Akangoja Mtu

Sista Yunisi,

Shikamoo. Huitikii, najua, ila nikianza bila shikamoo nitaona kama umenikazia macho vile ulivyokuwa unawakazia wanafunzi wa uuguzi wanaoingia wodini bila kusalimia wagonjwa.

Nakuandikia nikiwa hapa Ipagala, nimekaa barazani, na hasira zimepoa kidogo tu. Wametuharibia wodi yetu. Wala hawakufanya kwa ubaya, maana mtu mbaya angalau anafikiri kwanza. Hawa wametuharibia kwa semina.

Tangu tukuzike Buigiri, wakubwa wa hospitali wamegundua huruma. Walikwenda hotelini, wakala kuku, wakarudi na tisheti za bluu zimeandikwa mgongoni "Tabasamu ni Dawa". Glovu tunaazimana na wodi ya jirani, lakini tisheti zipo za kumwaga. Mgonjwa naye haitwi mgonjwa tena, anaitwa mteja. Mama wa watu kapasuliwa tumbo, hata kukohoa hawezi, eti mteja. Mteja wa nini, wa vitenge?

Na kile chumba chako wamekichukua. Unajua ninachosema. Mgonjwa akifariki ulikuwa unafanya mambo mawili bila kumwomba mtu ruhusa. Unakaa na ndugu wa marehemu, unakaa kweli kwenye kiti, si kusimama huku umeshika kitasa cha mlango. Halafu unamshika mkono muuguzi aliyekuwa zamu, unamwingiza kile chumba kidogo kando ya kabati la mashuka, unamwekea chai ya rangi. "Kunywa kwanza, Mrangi wangu. Huko kitandani wanataka mtu, hawataki kinyago." Mara ya kwanza kufiwa na mgonjwa nililia mpaka kikombe kikatetemeka, ukaniambia nilie tu ila nisimwage, sukari imepanda bei. Nikacheka na makamasi yangu. Bila chumba kile ningeacha kazi mwaka uleule.

Leo ni ofisi ya Meneja wa Furaha ya Wateja. Ndiyo, ndivyo kibao kilivyoandikwa. Kijana mpole, ananukia vizuri, na sidhani kama amewahi kumgeuza mgonjwa kitandani tangu azaliwe. Wamemfungia kiyoyozi. Sisi chai tunakunywa chooni, au hatunywi.

Yeye ndiye aliyetuletea mashine. Imesimamishwa pale mlango wa kutokea wodini, ina sura tatu za kubonyeza. Ya kijani inacheka, ya njano imekaza mdomo, nyekundu inatoa chozi. Juu wameandika kwa herufi ndogo kwamba mteja aseme alivyohudumiwa. Kila mwisho wa mwezi wanahesabu. Wodi yetu ikaongoza kwa nyekundu, tukaitwa kikaoni, tukaambiwa tuna tatizo la tabia. Tukatoka kila mmoja anajiuliza kamtukana nani.

Jibu nilipewa na mzee mmoja wa huko Chamwino. Mkewe, Mama Dorkasi, alikuwa kwetu na ugonjwa wa moyo, na asubuhi hiyo akafariki. Daktari alimwambia mzee habari hiyo huku anatembea, akaendelea na wagonjwa wengine. Mimi nilikuwa namwekea dripu mgonjwa wa kitanda cha mwisho. Nilipomaliza nikatoka kumtafuta, nikamkuta mbele ya mashine. Koti lake la heshima, fimbo mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kwenye ile sura nyekundu. Anabonyeza, anashusha mkono, anatazama mlango. Anabonyeza tena.

Nikamsalimia kwa Kigogo chako ulichonifundisha mimi Mrangi, kibovu hivyohivyo. Nikamuuliza, baba, unatafuta nini. Akaniambia, "Nimebonyeza hii inayolia. Nangoja mtu atoke."

Alidhani ni kengele, Sista. Alidhani tumeweka kengele ya wafiwa, kwamba ukiguswa na msiba unabonyeza anayelia, na mtu anakuja. Ndipo nikaelewa zile nyekundu zetu zote. Wodi yetu inapokea waliozidiwa. Watu walikuwa wanatuambia wamefiwa, na sisi tukawa tunahojiwa tabia.

Nikamwomba mwenzangu aangalie wodi, nikakaa na mzee kwenye ngazi. Akasema mkewe aliogopa kufia kwa watu wasiomjua. Nikamwambia mimi namjua, anapenda uji wa uwele usiotiwa sukari, na akiletewa wenye sukari anasonya. Mzee akacheka. Baada ya kucheka ndipo akalia, na mimi nikalia naye, kama ulivyoruhusu.

Meneja akapita, akatuona. Nikaitwa tena, safari hii peke yangu. Kosa langu, kukaa nje ya kituo cha kazi na mteja. Nikawaeleza habari ya zile nyekundu, taratibu, kama ninavyomweleza mgonjwa dozi. Mjinga mie, nilitegemea kuna atakayeinamisha kichwa. Meneja akaandika kidogo, akasema watabandika maelezo makubwa zaidi ili wateja wasichanganye hisia binafsi na ubora wa huduma. Mtu kafiwa na mke, wao wanaita hisia binafsi. Matroni, yuleyule uliyemfundisha kushika sindano, alikuwa anatazama simu yake. Ningekuwa na tabia hiyo wanayonisingizia, ningemnyang'anya.

Wakanipa kuchagua. Niandike barua ya kuomba radhi nibaki wodini, au nihamishiwe stoo ya vifaa, mbali na wateja. Wanajua wodi ile naipenda kuliko hata nyumba ninayopanga. Nilikaa na karatasi mbele yangu, nikaandika tarehe, nikaandika "Yahusu", nikakwama. Nilimkumbuka mzee kwenye ngazi, nikaona siwezi kuomba radhi kwa kukaa naye. Nikawarudishia karatasi yao.

Kwa hiyo Jumatatu naanza stoo. Wanaamini wamenizika na maboksi ya bandeji. Wasomi hawa hawajawahi kuizunguka hospitali yao kwa miguu, maana gari linawashushia mlangoni. Stoo iko kwenye ule ujia wa kwenda mochwari. Kila anayefiwa pale lazima apite mlangoni kwangu, kwenda na kurudi, na wauguzi wanaosindikiza mwili wanapita hapohapo. Hawana habari. Kati ya vyumba vyote vya hospitali ile, wamenipeleka pale.

Jana nilikwenda kupaona. Fundi seremala wetu alikuwa na benchi bovu, akaligongea mguu, tukaliweka nje kwenye kivuli cha ukuta. Hata funguo sijakabidhiwa, mama mmoja akatoka mochwari na kitenge cha marehemu mkononi, akatazama huku na huku, akakaa. Nikakaa naye.

Pumzika, Sista wangu. Maboksi ya bandeji yatajipanga yenyewe. Nakuahidi, mimi nitakuwa nje.

Mrangi wako,
Mwanaidi